Birika Lililokataa Jibu la Kitabu

Binti yangu yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Kisumu, na likizo ya Agosti alikuja nyumbani na karatasi za fizikia zenye maswali arobaini. Karibu yote yalihusu joto: barafu inayoyeyuka kwenye glasi ya sharubati, kipande cha shaba kilichotolewa motoni na kutumbukizwa majini, jiko, pasi, birika. Kufikia wiki ya pili alikuwa hayagusi tena. Karatasi zilihamia juu ya friji, chini ya mkebe wa majani chai, na nikimuuliza alijibu "nitafanya, mama" bila kuinua macho.

Fizikia hapa kwetu ni somo la hiari baada ya kidato cha pili. Wengi huliaga hapo, na wasichana ndio huliaga kwa wingi zaidi. Anayebaki nalo anajua kinachomngoja kwenye mtihani wa KCSE: karatasi mbili za nadharia zenye alama 80 kila moja, na ya tatu ya vitendo yenye alama 40. Binti yangu alilichagua mwenyewe, kwa furaha, bila kusukumwa na mtu. Ndiyo maana iliniuma kumwona akilikimbia.

Mtoto akikwama, nyumba nyingi huwa na dawa moja tu, nayo ni maneno. Jikaze. Usikate tamaa. Mtoto wa jirani alipata A. Kwetu pia yalisemwa yote, na yote yaliingia sikio hili yakatokea lile. Kilichomrudisha kwenye daftari ni birika la stima, pamoja na patashika iliyozuka kwa sababu yake hapa nyumbani Migosi. Naieleza kwa kirefu kwa sababu najua ziko nyumba nyingine kando ya ziwa hili zenye karatasi za fizikia juu ya friji.

Chanzo kilikuwa swali la tisa. Birika la umeme la wati 2,000 linachemsha kilo moja ya maji yaliyo kwenye digrii 25. Litachukua muda gani kuyafikisha digrii 100? Chukulia kwamba hakuna joto linalopotea. Kwa aliyesoma mada hiyo hesabu si ngumu. Kilo moja ya maji huhitaji jouli 4,200 ili kupanda digrii moja. Zidisha kwa digrii 75, upate jouli 315,000. Gawanya kwa wati 2,000, upate sekunde 157 na nusu, yaani dakika mbili na sekunde kama 37. Alilipata vizuri, mstari kwa mstari. Kisha akafanya jambo ambalo karatasi haikumwagiza. Akaenda jikoni.

Birika letu lina kibandiko chini yake: wati 2,000, volti 240. Alipima lita moja kwa jagi la plastiki, akawasha, akaanza kuhesabu kwa saa ya simu. Dakika mbili na sekunde 37 zilipita, birika likawa ndiyo kwanza linaanza kunguruma. Lilizima lenyewe kwenye dakika 4 na sekunde 10. Akamwaga, akangoja birika lipoe, akarudia. Jibu ni lile lile. Akarudia kesho yake jioni, na keshokutwa yake, mpaka baba yake akauliza ni nani anayekula tokeni za stima namna hii. Ukipiga hesabu, lita moja ya maji inakula karibu sehemu moja ya kumi ya uniti. Ni kidogo, lakini kwa mtu mwenye hasira na birika hukusanyika haraka, na jioni moja nyumba iliingia giza katikati ya ugali.

"Mama, ama kitabu kinadanganya, ama mimi sijui kitu," aliniambia gizani, tukitafuta mshumaa.

Baba yake alimshauri aandike jibu la kitabu, mwalimu ampe alama zake, mambo yaishe. Kwa upande wa alama alikuwa sahihi. Lakini tatizo la mtoto halikuwa alama. Alikuwa amefanya kila alichofundishwa, na kitu kilichokuwa mbele ya macho yake kikamkatalia. Kuanzia hapo kila swali alilolifungua lilimtia shaka: hata nikilipata, litakuwa la kweli? Naamini kwa dhati kwamba watoto wengi tunaowaita wavivu wa sayansi wamekwama mahali hapa hapa. Hawachoki kwa kazi. Wanachoka kufanyia kazi kitu wasichokiamini.

Basi karatasi zikapanda juu ya friji. Akaanza kusema kwamba shule zikifunguliwa atamwomba mwalimu abadilishe somo.

Mdogo wake, aliye gredi ya sita, ndiye aliyevichokoza vita upya. Alikuwa amemsikia dada yake akisema laiti tungekuwa na kipimajoto. Katika droo ya dawa tulikuwa nacho kimoja, cha kioo, cha zamani, cha kupimia homa. Hakumwambia mtu. Maji yalipochemka alikitumbukiza ndani ya jagi.

Kilipasuka kwa mlio mdogo sana. Nilipofika mlangoni zebaki ilikuwa imekwisha kumwagika mezani na kudondoka sakafuni, imetawanyika kuwa matone ya rangi ya fedha yaliyokimbilia kila ufa wa saruji. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amewasili siku hiyo hiyo kutoka Asembo, alikuwa ameshashika ufagio.

"Mama, tafadhali, usifagie," nikamwambia, nikampokea ufagio kwa mikono miwili.

Hili nalisema polepole kwa sababu linahusu uhai. Zebaki haifagiliwi. Ufagio huivunja kuwa chembe ndogo zaidi, na mvuke wake, usioonekana wala kunuka, ndio unaodhuru ubongo na figo, hasa za watoto. Niliwatoa watoto wote nje pamoja na dani yao, yaani bibi yao, nikafungua madirisha na mlango wa nyuma, nikavua bangili na pete kwa sababu zebaki hushikamana na dhahabu. Nikakusanya matone kwa kuyasukuma na kipande cha kadi hadi yakaungana, nikayazoa kwa karatasi, nikayatia kwenye chupa ya kioo yenye maji kidogo na kifuniko cha kukaza. Yale madogo niliyanasa kwa selotepu. Kisha nikalaza tochi chini kabisa, sambamba na sakafu, na kila tone lililobaki likametameta. Jirani yetu muuguzi akaichukua ile chupa aipeleke hospitalini pamoja na taka nyingine za hatari. Jikoni hakukupikwa usiku ule. Tulikula mkate na maziwa baridi barazani.

Mvulana alikuwa analia. Alidhani atachapwa, na zaidi ya hapo alidhani ameua nyumba nzima kwa sumu. Dada yake akamketisha ngazini, akachukua kijiti, akamchorea kipimajoto mchangani. Akamwonyesha kwamba zebaki hupanuka ikipata joto, na kwamba kipimajoto cha homa kimeachiwa nafasi ndogo, kutoka digrii 35 hadi 42, kwa kuwa mwili wa binadamu hauendi mbali zaidi ya hapo. Juu ya tumbo lake akachora shingo nyembamba inayozuia zebaki kurudi chini upesi, ili daktari apate muda wa kusoma. "Sasa wewe umeitia kwenye maji ya moto. Imepanuka, inatafuta mahali pa kwenda, haipati. Itafanya nini?" Mvulana akapangusa machozi, akasema itapasua kioo. "Basi. Hujaua mtu. Umefanya jaribio la kidato cha kwanza."

Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa anasema hajui kitu. Alieleza bila kigugumizi, bila kitabu, kwa sababu palikuwa na mtu mbele yake aliyehitaji kujua wakati huo huo. Nikaliweka moyoni.

Jumapili shemeji yangu alikuja kula chakula cha mchana. Ni fundi wa stima, shughuli zake ziko upande wa Kondele, na watoto wanampenda baba mdogo wao kwa kuwa hana tabia ya kuwauliza wamekuwa namba ngapi darasani. Akasimuliwa yote, birika na kipimajoto. Hakucheka wala hakukemea. Alimuuliza binti yangu kama amewahi kusikia habari za Mpemba.

Hakuwa amesikia. Nami nikaweka mwiko chini nisikilize.

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba huko Tanganyika, kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, sawasawa na binti yangu. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friza. Siku moja nafasi ya friza ilikuwa inagombaniwa. Mwenzake mmoja akaingiza maziwa yasiyochemshwa kabisa, na Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Kama saa moja na nusu baadaye, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado uji mzito. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Baadaye alikwenda Mkwawa kule Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Kuanzia hapo darasa zima likawa linamtania kwa maneno hayo kila alipokosea.

"Akaacha?" binti yangu akauliza.

"Angeacha tungemjuaje?"

Alikwenda shuleni hapo mwanafizikia Denis Osborne, kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, akazungumza na wanafunzi. Mpemba akanyoosha mkono, akauliza lile lile swali mbele ya wenzake wanaocheka. Osborne alikiri kwamba hajui, akaahidi kujaribu. Huko Dar akamwagiza fundi wa maabara apime. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza kweli, na akaongeza kwamba watazidi kurudia mpaka wapate jibu lililo sawa. Walirudia, na jibu likabaki lile. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakaandika makala pamoja katika jarida la elimu ya fizikia, na mpaka leo dunia nzima inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba. Wataalamu wanabishana hadi sasa kuhusu sababu zake, na wapo waliopima kwa uangalifu mkubwa wasilione kabisa. Kwangu mimi mabishano hayo yanaongeza thamani ya kisa. Mvulana wa shule aliwapa wataalamu swali ambalo zaidi ya nusu karne haijalimaliza.

Shemeji alipoondoka, binti yangu alizishusha karatasi kutoka juu ya friji. Hakuzifungua. Ila alizishusha.

Na usiku huo huo akatuletea msiba wa samaki.

Mama mkwe alikuwa amekuja na ngege wa Asembo, wanene, waliopaliwa magamba vizuri, kwa ajili ya maombi ya familia Jumamosi. Walijaza friza yetu ndogo karibu yote. Binti yangu aliwasogeza upande, akaweka bakuli mbili za maziwa: moja baridi, nyingine imetoka jikoni inafuka moshi. Kila baada ya muda mfupi alikuwa akifungua mlango wa friza achungulie, na kila alipofungua, hewa baridi ilimwagika miguuni pake na hewa ya moto ya Kisumu ikaingia. Saa mbili usiku stima ikapotea mtaa mzima. Friza iliyokuwa imeshapashwa joto na bakuli la maziwa haikuwa na akiba ya baridi ya kulinda kitu chochote. Ilipofika saa nne, maji yalikuwa yanatiririka sakafuni na ngege wamelegea.

"Nyar Alego," mama mkwe akaniita kwa kwetu nilikozaliwa, kama anavyoniita jambo likiwa zito, "njoo uone watoto wako wamefanya nini na samaki wangu."

Samaki aliyelegea kwa joto la huku hangoji asubuhi. Tukawasha majiko mawili ya makaa uani, tukamwaga chumvi, tukatia mafuta kwenye karai, tukaanza kukaanga kwa mwanga wa tochi za simu. Harufu ikapita ua hadi ua. Watoto wa jirani, ambao kwao pia kulikuwa giza, wakaja mmoja mmoja wakapewa. Binti yangu aligeuza samaki bila kusema neno, uso umeshuka. Maziwa yake hayakuganda, si ya moto wala ya baridi. Jaribio lilikuwa limeambulia patupu, na samaki wa maombi walikuwa wanaliwa kabla ya siku yao.

Dani yake ndiye aliyemsemesha. Kwanza alimgombeza kikamilifu, kama inavyopasa. Kisha, hasira zikishatulia, akamuuliza anachotafuta katika haya mambo ya moto na maji. Binti yangu akamweleza kuhusu jouli 4,200, kwamba maji yanataka joto jingi kuliko karibu kila kitu kingine kabla ya kubadilika.

"Hilo mbona linajulikana," dani akasema. "Ziwa halina haraka. Jua likitoka, mchanga wa pwani unakuunguza nyayo kabla ya saa tano, lakini tia mguu majini, bado ni baridi. Usiku mchanga umeshapoa, maji bado yana vuguvugu. Ndiyo maana mchana upepo unatoka ziwani unakuja kwetu, na usiku unatoka kwetu unakwenda ziwani. Babu yako aliishi kwa huo upepo. Alitweka tanga usiku ukamsukuma kwenda, na jua likishapanda ukamrudisha na samaki wake."

Binti yangu aliacha kugeuza samaki. Akasema, taratibu, akipanga maneno, kwamba mchanga mkavu unataka karibu jouli 800 tu kwa kilo kwa kila digrii, na maji yanataka 4,200, zaidi ya mara tano. Kwa hiyo jua lile lile likiwaka juu ya vyote viwili, nchi kavu inakimbia mbele na ziwa linabaki nyuma. Hewa ya juu ya nchi kavu inapata moto, inapanda, na ile ya ziwani inakuja kujaza pengo. Usiku kinyume chake. Upepo unaopeperusha nguo zetu kambani kila alasiri ulikuwa ndani ya swali la tisa.

"Geuza samaki, anaungua," dani akamwambia.

Asubuhi alikuwa na karatasi mezani kabla sijawasha jiko la chai. Nimewahi kusikia walimu wakisema mtoto apewe hamu kwanza ndipo atasoma. Kwa niliyoyaona nyumbani kwangu, hamu ilikuja nyuma. Ilikuja baada ya mkono kushika kitu, na baada ya mtu mzima kulichukulia swali la mtoto kuwa ni swali. Ndugu Peter Tabichi, yule mwalimu wa hesabu na fizikia wa shule ya kutwa ya Keriko kule Njoro, aliyeshinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, anasifiwa kwa mengi, yakiwemo kugawa sehemu kubwa ya mshahara wake. Mimi linalonigusa zaidi ni kwamba yeye na wenzake walikuwa wakienda hadi majumbani mwa wanafunzi wanaosuasua, wakawafundisha mmoja mmoja na kujua wanaishi vipi. Anayejua jiko la mwanafunzi lilivyo anajua pa kuanzia.

Jioni iliyofuata baba mdogo alirudi na mita yake ya kupimia stima. Ni kidude cha manjano chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, na kina waya wa tatu mwembamba wa kupimia joto. Binti yangu alikuwa ameandika orodha ya anachotaka kupima. Shemeji akamkabidhi ile mita, akakaa pembeni, akatazama vidole vyake tu visiguse penye hatari.

Saa moja na nusu jioni, birika likiwa limewashwa, soketi yetu ilisoma volti 204. Kibandiko cha birika kinasema 240.

Alikaa kimya akaandika. Zile wati 2,000 ni za volti 240. Volti zikipungua, umeme unaopita unapungua pia, kwa hiyo nguvu inaanguka mara mbili: volti zetu zilikuwa chini kwa asilimia 15, na nguvu ikawa chini kwa karibu asilimia 28. Birika letu la wati 2,000 jioni ile lilikuwa birika la wati 1,445. Baba mdogo akamweleza kwa nini: laini ni ndefu, na saa hiyo kila nyumba inapika, inapiga pasi, inatazama runinga, na kinu cha posho kule kona bado kinasaga.

Kisha akauchovya ule waya mwembamba ndani ya birika. Namba zikapanda: 88, 91, 94. Maji yakaanza kuchemka kwelikweli, mapovu makubwa, mvuke unamwagika, na namba ikasimama kwenye 96. Ikakataa kupanda.

"Imeharibika," mdogo wake akasema.

"Haijaharibika," binti yangu akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tuko juu."

Ziwa letu liko takriban mita 1,134 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Maji yenye hewa nyepesi juu yake huchemka mapema, karibu digrii moja chini kwa kila mita 300 unazopanda. Digrii 100 ni za pwani. Eldoret, iliyo zaidi ya mita 2,000, maji huchemka kwenye 93 hivi. Dani akaitikia kutoka kwenye kiti chake kwamba sasa anaelewa kwa nini maharagwe ya binti yake aliyeolewa Eldoret hayaivi.

Hesabu ikaandikwa upya. Kutoka digrii 25 hadi 96 ni digrii 71, jouli 298,200. Gawanya kwa 1,445, upate sekunde 206, dakika tatu na sekunde 26. Birika lilichukua dakika 4 na sekunde 10. Zile sekunde 44 zilizobaki alizitafuta kwa mkono: akagusa ubavu wa birika, ulikuwa moto, akatazama mvuke unaotoka kabla swichi haijajizima, akaandika kwamba joto lililokwenda huko halikwenda kwenye maji. Alfajiri akaamka mtaa mzima umelala, akapima tena. Soketi ilisoma volti 236, na birika likachemsha kwa dakika 3 na sekunde 8.

Alikuja chumbani kwetu kuniamsha kwa habari hiyo. Baba yake akaamka pia, akaomba aelezwe tangu mwanzo, akaketi kitandani akasikiliza mpaka mwisho.

Kwenye karatasi aliandika kwanza jibu la kitabu, sekunde 157.5, akapiga mstari chini yake. Chini ya mstari akaandika: jikoni kwetu jioni, jikoni kwetu alfajiri, na sababu tatu za tofauti. Jibu la kitabu lilikuwa la kweli kwa birika lisilopoteza joto, lililo kando ya bahari, kwenye laini isiyo na majirani. Sasa aliweza kuliandika bila shaka moyoni, kwa kuwa alijua mipaka yake.

Maswali mengine hayakuwa mteremko. Lile la kipande cha shaba lilimtoa machozi. Lakini utaratibu wake ulibadilika bila mtu kumpangia. Alihamia meza ya jikoni, tukapika huku yeye akiandika. Alianza kila jioni na swali analoliweza, akapata joto la mkono, ndipo akagusa gumu. Alipokwama alimwita mdogo wake, akamweleza kwa Kiswahili cha kawaida swali linataka nini, na mara nyingi alifumbuka macho kabla hajamaliza kueleza. Na hakulala kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa swali la kesho, hata kama ni kuorodhesha tu kilichotolewa na kinachotafutwa, ili asubuhi asikutane na ukurasa mweupe.

Alirudi shuleni na maswali manne wazi. Pembeni mwa kila moja aliandika alichojaribu na mahali alipokwama. Mwalimu wake aliyaanza hayo manne kabla ya yale yaliyojibiwa, kisha akafika kwenye swali la tisa, akauliza kama wenzake wanaweza kulirudia. Baba mdogo amekubali kuwaazima mita, kwa sharti kwamba mwalimu wa maabara awepo na nyaya zisiguswe na mikono yenye maji. Wataanza Jumatatu na birika la chumba cha walimu, saa mbili asubuhi na tena saa kumi jioni, na mdogo wake anataka kujua kama na shule za msingi zinaruhusiwa kuja.